Mwanafunzi wa Chuo na Kiwanja Chake cha Kwanza

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo juu ya swali ambalo wengi wenu mliniuliza nilipokuja shuleni siku ya mahafali: je, kijana aliye chuoni, asiye na mshahara, aweza kuanza kujipatia mali ya ardhi na nyumba? Mimi nilimaliza kidato cha sita hapa hapa, na sasa nasomea uhasibu katika chuo kimoja mjini Dodoma, mwaka wa tatu. Sina nyumba wala gari. Lakini nimekaa katika mji ambao watu wake wanazungumza habari za viwanja asubuhi na jioni, nami nimesikiliza, nimeuliza, na nimetembea sana kwa miguu. Jibu langu ni kwamba aweza kuanza, lakini asianze kwa kununua. Aanze kwa kujifunza kusoma karatasi za ardhi, maana katika kazi hii karatasi ndiyo rasilmali ya kwanza, na mwanafunzi anayo nafasi ya kuisoma kuliko mtu mwenye kazi ya kutwa.

Yafaa tuanze na sheria, ingawa najua wengine mtapiga miayo. Katika Tanzania hakuna mtu anayeuza ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Kinachouzwa ni haki ya kuimiliki na kuitumia, pamoja na yale yaliyofanywa juu yake. Haki hiyo katika miji hutolewa kwa muda, wa miaka 33, au 66, au 99, na muda huo umeandikwa katika hati. Ardhi ya vijiji ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka huo huo, na huko halmashauri ya kijiji ndiyo yenye usimamizi. Mtu akikuuzia ekari tano kijijini bila halmashauri ya kijiji kuridhia, mauzo hayo si kitu mbele ya mahakama. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema hivyo tangu mwaka 1985, kabla hata ya sheria hizi mpya. Nalitaja hili kwa sababu vijana wengi hufikiri kijijini mambo ni mepesi, kwamba ukipeana mkono na mzee na kumpa fedha mbele ya wanawe wawili umemaliza.

Basi, mnapotembezwa na dalali mtaonyeshwa viwanja vya namna mbili. Kiko kile kilichopimwa, chenye namba, kitalu, na mawe ya mipaka ambayo watu wa mjini huyaita bikoni. Hicho chaonekana katika mchoro wa mipango miji na katika ramani ya upimaji. Na kiko kile ambacho hakijapimwa, kilichokatwa tu kutoka shamba la mtu, na ushahidi wake ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Hiki cha pili ni rahisi zaidi kwa bei, na ndicho anachoonyeshwa mwanafunzi kila mara. Sisemi kisinunuliwe kamwe. Nusu ya miji yetu imejengwa hivyo. Nasema mjue kwamba muhuri wa mwenyekiti wa mtaa haukupi hati. Mwenyekiti ni shahidi kwamba aliwaona mkiuziana. Hawezi kukuambia kama eneo lile limepangwa kuwa shule, soko, au bomba la maji, na wengine, kwa kusema kweli, hawajawahi kuuona mchoro wa mtaa wao wenyewe.

Kwa kiwanja chenye hati lipo jambo moja ambalo kila mwanafunzi aweza kulifanya kwa fedha kidogo, nalo ni upekuzi. Waandika maombi kwa Msajili wa Hati, walipa ada, nawe wapata majibu ya maandishi: mwenye jina katika daftari ni nani, kama kiwanja kimewekwa rehani benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Muuzaji mwema hakasiriki ukimwomba namba ya hati ili ufanye upekuzi. Akikasirika, mshukuru kwa muda wake na uende nyumbani. Tena, muulize kama ana mke, na kama nyumba iliyopo ndiyo wanayokaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nimeona vijana wanaona haya kumwuliza mtu mzima swali la namna hiyo. Ulizeni kwa adabu, "Shikamoo mzee, je, mama naye ataweka sahihi?" Hakuna aliyetukanwa hapo.

Sasa nataka niseme kidogo habari za Dodoma, kwa sababu kila anayetaka kukuuzia kiwanja huku atakuhubiria kwamba bei itapanda. Huenda ikapanda. Lakini tazameni miaka yenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji waliiita CDA. Kijana aliyenunua mwaka ule kwa matumaini ya kuuza kwa faida upesi, alingoja. Serikali ilitangaza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, yaani baada ya miaka 43. CDA ikavunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikapewa halmashauri. Na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Hapo ndipo watu walipoanza kukimbilia viwanja kama mchwa wakati wa mvua. Mtu wa mwaka 1973 hakukosea juu ya mji. Alikosea juu ya saa. Na katika muda wote wa kungoja, kiwanja hakilali bure: kinadai.

Hili la kiwanja kudai halisemwi na madalali, nami nataka mlikumbuke kuliko mengine. Kiwanja chenye hati hulipiwa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, umejenga hujajenga. Barua ya toleo pia huwa na masharti ya kuendeleza, na kwa kawaida hutaka ujenge katika muda wa miezi 36. Usipolipa, au usipoendeleza, Serikali ina haki ya kubatilisha miliki yako. Jihesabieni wenyewe. Kijana wa mwaka wa pili akinunua leo, atamaliza chuo baada ya miaka miwili, ataangalia kazi mwaka mmoja au zaidi, na miezi 36 imekwisha hali hajanunua hata tofali. Ndiyo maana nasema kununua mapema si ushujaa peke yake. Mwenye fedha za kununua tu, bila za kulinda alichonunua, amenunua wasiwasi.

Pengine nitaeleweka vizuri nikiwapa habari ya mwenzetu mmoja wa bwenini. Marehemu mama yake alikuwa mwalimu, na mirathi ilipomalizika alipata fungu lake, fedha ambazo hakuwahi kushika maishani, na hakutazamia kuzishika tena kwa siku za karibu. Ana wadogo wawili nyumbani kwa shangazi. Dalali mmoja akapata habari, sijui kwa njia gani (madalali wanasikia mlio wa fedha kupitia ukuta), akamwonyesha kiwanja kando ya barabara kuu kwa Sh. 4,500,000/-. Mahali palikuwa pazuri kweli. Akaambiwa kwamba yuko bwana mmoja anakuja kesho kutoka Dar es Salaam na fedha mkononi, kwa hiyo kama anakitaka alipe leo.

Alitujia usiku na bahasha ya fedha kifuani, hakutaka hata kuiweka mezani. Tulimwomba angoje mpaka asubuhi. Asubuhi tukaenda watu watatu na futikamba tuliyoazima kwa fundi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 yaweka hifadhi ya barabara kuu kuwa meta 60, yaani meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani zilikuwa meta 22 na nusu, na wazee wengi bado wanashika kipimo kile cha zamani. Hatukusimama katikati ya barabara, maana malori ya huku hayana huruma. Tulipima upana wa lami, tukachukua nusu yake, kisha tukaendelea kupima kutoka ukingoni. Mpaka wa mbele wa kiwanja ulikuwa meta 19 kutoka katikati, na mpaka wa nyuma meta 41. Kiwanja kilikuwa na kina cha meta 22, na meta 11 kati ya hizo zilikuwa ndani ya hifadhi. Nusu kamili.

Mwenye shamba alikuwa mzee mwema, tukamwamkia, akatupa viti. Hakuwa mwizi. Alituambia kwamba analima pale tangu barabara ilipokuwa ya vumbi, nami nilimwamini. Lakini hapa pana tofauti ambayo kijana ni lazima aijue. Mtu aliyekuwa hapo kabla ya mpaka kusogezwa anaweza kuwa na hoja ya kudai fidia. Mnunuzi wa leo, anayeingia huku sheria imekwisha kuandikwa, atamwambia nani kwamba hakujua? Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kutoka Kimara kuelekea Kibaha kwa sababu zilikuwa katika hifadhi ya barabara ya Morogoro. Zilikuwa nyumba za matofali, zenye umeme, na baadhi ya wenyewe walikuwa na karatasi. Kisha tukaenda ofisi ya ardhi ya jiji, na afisa alitutazamia mchoro kwa dakika chache tu. Kiwanja kile hakikuwamo.

Mwenzetu hakununua. Fedha zake alizipeleka katika mfuko wa vipande wa UTT, ambao mtu aweza kuingia kwa fedha kidogo na kutoka anapohitaji. Haukumpa utajiri, lakini ulizitoa fedha kifuani na katika macho ya watu. Baada ya miezi minane alipata kiwanja kilichopimwa, kidogo kuliko kile, tena mbali na lami, kwa Sh. 3,800,000/-. Alifanya upekuzi. Majibu yalionyesha kwamba hakuna rehani wala zuio, na alipouliza upande wa kodi akakuta muuzaji anadaiwa pango la miaka mitatu. Deni hilo likakatwa katika bei na kulipwa kwanza. Mkataba uliandikwa na wakili, kwa kuwa sheria haitambui mapatano ya ardhi ya mdomo tu, na ndani yake wakaandika nani atalipa ushuru wa stempu na nani atalipa kodi ya ongezeko la mtaji. Hii ya pili ni ya muuzaji, lakini isipoandikwa, muuzaji akisha kupata fedha hukawia kupokea simu. Kiasi kilichobaki hakukigusa. Ni cha pango na cha tofali za kwanza.

Wengi mtasema, huyo alikuwa na urithi, sisi je? Iko njia nyingine ambayo wanafunzi wa Dodoma huijaribu, nayo ni kukodi nyumba nzima na kuwapangisha wenzao vyumba. Njia hii haihitaji kununua kitu, na inafundisha kazi ya mwenye nyumba kwa kasi ya ajabu. Sharti la kwanza ni ruhusa ya mwenye nyumba, kwa maandishi. Pasipo ruhusa hiyo wewe ni mpangaji aliyevunja mkataba, na wenzako wote watalala nje pamoja nawe.

Tufanye hesabu pamoja, na hesabu hii ni ya mfano. Nyumba ina vyumba vinne, na mwenyewe anataka Sh. 200,000/- kwa mwezi, miezi sita mbele. Wewe wapangisha kila chumba kwa Sh. 70,000/-. Kila mwezi zaingia Sh. 280,000/-, na mtu mwepesi atasema faida ni Sh. 80,000/- kwa mwezi, yaani Sh. 960,000/- kwa mwaka. Lakini wanafunzi hawakai mwaka mzima. Chuo hufungwa Julai na kufunguliwa Oktoba au Novemba, na hakuna mwanafunzi anayelipia chumba akiwa nyumbani kwao Sumbawanga. Tuseme wanakaa miezi tisa. Mapato ni Sh. 2,520,000/-, nawe wamlipa mwenye nyumba miezi kumi na miwili, Sh. 2,400,000/-. Yabaki Sh. 120,000/- kwa mwaka mzima. Kitasa kimoja, bomba moja, na chumba kimoja kukosa mtu kwa miezi miwili, nawe umeingia hasara ya kazi uliyoifanya.

Hesabu hiyo ilipofika hapo, wenzangu wengi waliiacha. Mimi na rafiki yangu tulikaa nayo jioni mbili, maana uhasibu ndio tunaosomea, tukaona kwamba ugonjwa ni ile miezi mitatu. Dawa yake ni mtu asiye mwanafunzi. Ukimpata muuguzi, au fundi cherehani, au karani wa duka akae chumba kimoja mwaka mzima, zaongezeka Sh. 210,000/- zile za likizo, na faida yafika Sh. 330,000/-. Au umwombe mwenye nyumba apunguze kodi ya miezi ya likizo, kwa kuwa naye anajua nyumba tupu huharibika. Wengine hukubali. Haya ni mambo madogo, lakini biashara nzima ya nyumba, hata ya maghorofa ya Dar es Salaam, imesimama juu ya swali hilo hilo: siku ngapi katika mwaka chumba kina mtu anayelipa?

Wako pia wanaotaka kuchanga, watu watano kununua kiwanja kimoja. Si vibaya, ila urafiki wa chuoni ni mtamu na mfupi. Mmoja atapangiwa kazi Kigoma, mwingine ataolewa Mbeya, mwingine atataka fedha zake siku atakapouguliwa na mzazi. Andikeni kabla ya kulipa: kila mtu ametoa kiasi gani, anayetaka kutoka atalipwa kwa bei ya siku ipi, na nani ana haki ya kwanza ya kununua sehemu yake. Na katika hati wote waandikwe majina, kila mmoja na fungu lake, ili akifa mtu fungu lake liende kwa warithi wake. Msikubali kiwanja kiandikwe jina la mmoja "kwa muda", hata awe mcha Mungu wa namna gani.

Juu ya fedha za Bodi ya Mikopo nitasema wazi, ingawa najua wengine watanuna. Fedha ile ya chakula na malazi ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi mpaka liishe. Yuko kijana anayelala njaa ili anunue kiwanja kwa fedha hiyo, kisha anarudia mitihani miwili na kulipa ada tena. Ukijumlisha, kiwanja kile kimekuwa ghali kuliko cha katikati ya jiji. Ukibakiza kidogo kwa sababu unajipikia, weka akiba. Zaidi ya hapo, soma.

Wazazi mtakaosoma haya, nina ombi kwenu. Wanafunzi wengi wa shule hii wanatoka katika familia zenye ardhi tayari, lakini ardhi hiyo ina jina la babu aliyefariki zamani, au haina karatasi yoyote. Kijana wa kidato cha tano anaweza katika likizo moja kwenda na baba au mama yake ofisi ya kijiji kuuliza habari za hati ya haki miliki ya kimila. Gharama yake ni ndogo kuliko kiwanja chochote cha Dodoma, na atajifunza mambo yale yale: mipaka, majirani, mashahidi, ramani.

Dada wawili wa kidato cha tano waliniuliza kama wao pia wana haki hii, kwa kuwa kwao wameambiwa ardhi ni ya wana wa kiume. Sheria ya Ardhi yasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi, na ile ya vijiji yasema vivyo hivyo. Nyumbani watawaambia mila. Wajibuni kwa heshima, na jina lenu liandikwe.

Mwenye swali ampe Mhariri kabla ya shule kufungwa. Toleo lijalo, nikijaliwa, nitaandika jinsi mirathi ya shamba inavyofunguliwa mahakamani, maana barua nyingi nilizopata zinahusu jambo hilo.